Jina la Kaka Yangu Kikosini

Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, pale Matambarale, kaka yangu Saidi aliporudi likizo kutoka kambini Nachingwea. Alikuwa askari wa miguu, wa cheo cha chini kabisa, na sisi tulimwona mkubwa kuliko diwani. Wazazi wetu walishafariki. Tulilelewa na bibi, mama yake mama.

Jioni ya kwanza, tukibangua korosho, alitufundisha maneno ya jeshini. Kuruta ni mgeni asiyejua hata kufunga buti. Mjeda ni mwanajeshi yeyote.

"Lakini sisi wa miguu, kikosini kwetu tunaitana fuko," alisema. "Wenzetu wanapanda magari, sisi tunachimba handaki tunalala humo. Ila wewe usiye mwenzetu ukiniita hivyo, umenitukana."

Tukacheka. Bibi hakucheka. Kwetu, fuko, yule mnyama aishiye chini ya udongo, akionekana juu ya ardhi mchana, kuna mtu atazikwa.

"Saidi, mjukuu wangu, jina hilo liache hukohuko. Ardhi inasikia. Ukijiita mnyama wake, itakuchukua."

"Bibi, ni utani tu wa jeshini."

Kilikuwa kiangazi, na maji tuliyafuata mbali mpaka miguu ya bibi ikavimba. Saidi akaamua kumchimbia kisima bondeni. Bibi alimkataza, akamshika mkono, mwisho akaenda kumwaga unga wa mtama kwenye kaburi la babu, amwombee Saidi. Saidi alichimba huku akiimba, hadi tukawa hatuoni kichwa chake. Asubuhi moja udongo ukamfunika. Wanaume walipomfukua alikuwa ameshakata roho.

Wenzake wachache wa kikosini walikuja msibani na sare zao. Mmoja alipiga magoti mbele ya bibi, analia.

"Shikamoo bibi. Huyu alikuwa fuko wetu."

Hapo ndipo nilipolielewa lile neno. Walimaanisha ndugu, mtu wa kulala naye shimo moja risasi zikipita juu. Bibi naye alielewa.

"Kumbe ni neno la kupendana," alisema taratibu. "Mimi nikaliogopa."

Lakini onyo lake lilikuwa limeshaenea kijijini. Majirani waliacha kuja kuomba moto. Watoto wakakatazwa kupita uani kwetu. Hakuna aliyemtamkia uchawi usoni. Walimnyima salamu tu, naye akaishi hivyo miaka na miaka.

Nilipokuwa mtu mzima niliwauliza wachimba visima. Wakaniambia bonde lile ni mchanga mtupu, na shimo halikuwekewa miti ya kuzuia kingo. Nilimpelekea bibi habari hiyo kama zawadi. Alinisikiliza, macho yake yameshafifia.

"Basi kawaambie wao," akasema.

Nilikwenda kwa jirani yetu, Mzee Ahmadi, mmoja wa waliomfukua kaka. Alinikaribisha vizuri, akasikiliza mpaka mwisho, akaafiki kwamba udongo ule ni mbaya. Kisha akauliza, "Sasa bibi yako alijuaje mapema?"

Nikaaga, nikarudi nyumbani. Bibi alifariki masika yaliyofuata, na waliokuja kumzika walikuwa wachache.

Bibi hakujua kitu. Aliogopa kwa sababu alimpenda yule kijana, na woga huo ndio ushahidi pekee majirani waliokuwa nao dhidi yake.