Neno la Mezani

Hilaro alikuwa mshona viatu pale Kapua, mji wetu wa Kirumi, mtumwa aliyeachwa huru, na mtu wa methali. Ukilia alikuwa nayo, ukicheka alikuwa nayo. Wengine walimpelekea viatu vizima kabisa, alimradi wamsikie. Na aliyoipenda kupita zote ni ile yetu ya zamani: harakisha polepole.

Hiyo ndiyo iliyomponza Veneria.

Huyu Veneria alikuwa mpishi wa Trebio mzee, bwana aliyekuwa amemwacha huru Hilaro. Hilaro ndiye aliyemlea jikoni mle, akamwita binti. Basi mwezi wa Februari, mezani, Trebio mzee alimshika Veneria mkono akasema, "Kuanzia leo huyu ni huru." Waliokuwapo ni wawili tu, Hilaro na Mamerko mchinja nguruwe. Wakapiga makofi.

Kesho yake Veneria akaja mbio dukani.

"Baba, hakimu anapita kwenda kuoga. Bwana amekubali tumsimamishe hapo hapo barabarani, niguswe fimbo ya uhuru, iandikwe!"

"Leo? Siku za wafu zimeanza, binti yangu. Watu wanapeleka mikate makaburini, wewe unadai uhuru? Utauanza na mkosi. Siku tisa tu. Harakisha polepole."

"Na bwana akifa?"

"Nani, huyu? Jana kala miguu minne ya nguruwe!"

Siku ya sita Trebio mzee alianguka bafuni, akafa.

Mwanawe, Trebio mdogo, alisema hakuona maandishi yoyote. Mpishi ni mali yake, na amekwisha muuza kwa mtu wa Sisilia. Mkokoteni utakuja asubuhi ya siku ya soko.

Asubuhi hiyo Hilaro alisimama foleni mlangoni kwa Trebio, kama sisi sote tulio chini ya mabwana, kumwamkia na kupokea kikapu cha mikate. Mbele yake alikuwa Mamerko.

"Wewe ulisikia," Hilaro akamnong'oneza.

"Nilisikia nini? Nilikuwa na mfupa mdomoni."

"Mfupa hauzibi masikio, ndugu yangu."

"Mzee, niache. Nyumba hii inanunua nguruwe wangu. Si wewe husema mkono huosha mkono?"

Hilaro aliona kama kazabwa kibao kwa kiganja chake mwenyewe.

Zamu yake ilipofika hakupokea kikapu. "Bwana mdogo," akasema, "baba yako alimwacha huru Veneria. Nilikuwapo."

Trebio akacheka. "Mzee wa methali! Ile ya kwamba shahidi mmoja si shahidi, huijui? Nani mwingine alisikia?"

Watu wakainama kuchungulia vikapu vyao.

"Basi. Kikapu cha huyu apewe mwingine, leo na siku zote."

Nje, Veneria alikuwa amekwisha pandishwa mkokotenini. Hilaro akafungua kinywa.

"Usiniambie neno, baba," Veneria akasema. "Ya kwako nimeyasikiliza ya kutosha."

Mkokoteni ukaondoka. Hilaro, na goti lake bovu, akamkimbilia Mamerko mpaka kwenye kona ya waokaji, akanyoosha mkono kuelekea sikio lake. Kwetu ndivyo anavyoombwa shahidi: ukiruhusu sikio liguswe, umejifunga, huwezi tena kusema hukusikia. Mamerko akalifunika kwa kiganja.

"Nina watoto watano, mzee!"

"Najua."

"Nitamuuzia nani nguruwe?"

"Sijui, Mamerko. Sijui kitu."

Mchinjaji akatazama huku na huku. Machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa aproni yenye damu. Kisha akateremsha mkono, akainamisha kichwa.

"Shika upesi, kabla sijageuka."

Hilaro akalishika sikio, akalivuta kwa nguvu kuliko desturi inavyotaka, wala hakuliachia mpaka mbele ya hakimu.

Mpanda farasi aliyetumwa na hakimu aliukuta mkokoteni karibu na bandari. Veneria alirudishwa siku ya nne, vifundo vya mikono vimechubuka, akaandikwa huru. Alipanga chumba jirani na Hilaro, akauza dengu za kuchemsha. Alimpelekea bakuli kila sikukuu, kwa adabu zote. Lakini tangu siku ile alimwita mzee Hilaro, kama walivyomwita wateja.