Kibarua wa Jirani

Jumapili ile nililalamika kanisani mpaka koo likanikauka. Jana yake nilikuwa nakusanya majani kwa reki mbele ya nyumba yangu, hapa Eden Prairie, kitongoji cha ughaibuni, Mzungu akasimamisha gari na kuniuliza kama nikimaliza ningeenda na kwake. Kana kwamba ngozi yangu ni sare ya kibarua! Waumini wakanisikitikia.

Jumamosi iliyofuata nikamwona Mwafrika akimwaga mbegu za nyasi kwa jirani, kwenye nyumba iliyouzwa majuzi. Mgongo uliniuma, na uwanja wangu ulikuwa bado. Nikamwita kwa Kiingereza: “Bosi, ukimaliza hapo, njoo na kwangu.”

Akageuka polepole, akanijibu kwa Kiswahili cha Kongo: “Ndugu, hii ni nyumba yangu. Jumapili nilikuwa nyuma yako kanisani. Nilikusikilia huruma sana.”