Majani Mabichi Getini

Miaka ya soko huria biashara ya mitumba ilimnyookea Swabaha, mwanamke wa Tanga, akanunua kiwanja Moshono, kwa Waarusha, na kukizungushia ukuta. Hakuuliza mtu. Kumbe ameziba njia ya akina mama wa Kiarusha waendao kuomba chini ya mkuyu wao.

Asubuhi moja akakuta fungu la majani mabichi limefungwa getini. Moyo ukamlipuka paa! Amerogwa! Akayaangusha na kuyasukumia mbali kwa ufagio huku akisoma Ayatul Kursiy, akajifungia ndani kutwa nzima.

Jioni jirani yake, bibi kizee Namnyaki, akabisha hodi.

“Shikamoo, bibi. Wamenitupia uchawi!”

“Marahaba. Uchawi gani, mwanangu? Majani nimefunga mimi. Kwetu majani mabichi ni kuomba amani. Ukuta wako umeziba njia yetu ya mkuyuni. Tunataka njia tu, tukasali.”

Swabaha akashusha pumzi ndefu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Loo, siku nzima ametetemeka kwa kuombwa amani!

Kesho yake fundi akabomoa ukuta upande wa njia. Akina mama walipofika, walimkuta Swabaha amesimama kwenye uwazi, majani mabichi tele mikononi.

“Karibuni kwenu,” akasema.