Kardani ya Zubeda

Zubeda alijifunza kukereza vyuma kwenye karakana ya baba yake, mtaani Buyenzi, kabla hajaolewa na Uthmani. Mwaka 1996, wakati wa vita, walikuwa wakirudi mjini kwa basi dogo, yeye dirishani, mumewe katikati, risasi zilipoanza kulia kutoka mlimani. Dereva alikanyaga mafuta, kona ikamshinda, wakagonga ukingo. Risasi hazikumpata mtu. Ila kardani, ule mti mrefu wa chuma unaozungusha magurudumu ya nyuma, ilisukumwa kutoka mbele, ikajikunja kwenda juu na kupasua sakafu chini ya Uthmani.

Alikuwa anamwambia mkewe, “Tukifika nyumbani, we…”

Eda ilipokwisha, Zubeda alirudi karakanani. Kila mashine ilipoanza kuzunguka, aliisikia sauti ya Uthmani, ikikatika palepale.

Akaanza kutengeneza kardani ya mabomba mawili, moja ndani ya jingine, yenye meno ya kushikana ili yazunguke pamoja. Pini mbili ziliyazuia yasiteleze. Gari likigonga, pini zikatike, bomba la ndani lizame badala ya kujikunja.

“Dada, kardani inapaswa kuwa ngumu,” alisema fundi Hamimu, jirani yake.

“Ngumu kwa kuzunguka. Kwa kusukumwa, apana.”

Waliisimamisha ya kwanza, wakaiangushia injini kuukuu kutoka juu. Pini zilikataa kukatika. Bomba likajikunja. Zubeda alipiga yowe, akakimbilia pale kama kuna mtu wa kuvutwa. Hamimu akamshika mabega.

Alichonga pini nyembamba zaidi, tena na tena, hadi siku moja injini iliposhuka na bomba likazama taratibu ndani ya mwenzake. Gaspard, dereva wa basi dogo jingine, alikubali kufungiwa kardani hiyo.

Miezi ikapita. Gaspard akaja ameshika mkono uliofungwa bendeji. Alikimbia risasi karibu na Gatumba, akagonga lori.

“Zubeda, abiria wote walishuka kwa miguu yao!”

“Nani aliketi katikati?”

“Mama mumoja na mutoto wake.”

“Walikuwa wanaongea?”

Gaspard alimtazama, hakuelewa. “Mi sijui, dada. Pengine.”

Zubeda akaketi chini kwenye vumbi la chuma, akalia hadi adhana ya alasiri.

Madereva wengine walikuja. Aliwatengenezea wote, mwaka baada ya mwaka. Lakini walipomwomba apande gari waijaribu kazi yake barabarani, alitikisa kichwa. Hata baba yake alipofariki, alikwenda msibani kwa miguu, nyuma ya magari.