Masikio ya Makongoro

Makongoro alikuwa mtunza maabara wa sekondari moja ya Musoma, miaka ile ambayo sabuni ilipatikana kwa kujuana na maabara yenyewe haikuwa hata na spiriti. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi kwenye chupa tupu, na alizifuta kweli kweli. Mtu mcheshi, mwenye raha zake. Jambo moja tu lilimchoma tangu ujana.

Siku ya jando, kwao Buswahili, alisimama wima kama wenzake. Hakupepesa jicho, hakukunja uso. Ila vigelegele vilipopasuka nyuma yake, masikio yake yakaruka yenyewe. Basi! Kwao, kijana akitikisika hata kope, ameogopa. Wazee walibishana, wakamsamehe. Wenzake wa rika hawakumsamehe. Kwa miaka thelathini, kila walipozunguka chungu cha pombe, yeye alipewa mrija wa mwisho, na Matiko, mwenye mdomo kuliko wote, hakukosa la kuongeza.

Mwaka themanini na sita, mwalimu Marcelina alikuwa akifundisha baiolojia mle maabara, bila kitabu wala chati.

"Mwili umebeba mabaki," aliwaambia kidato cha nne. "Ng'ombe akisikia sauti anageuza sikio. Waliotuzaa zamani sana, kabla hawajawa watu, waligeuza pia. Misuli ile bado tunayo, ila haina kazi tena. Kwa wengi imelala. Kwa wachache inacheza."

Makongoro, kitambaa mkononi, aliweka chupa mezani.

"Mwalimu, ya kwangu inachezaga," alisema, akavua kofia.

Darasa zima lilisimama kutazama. Marcelina alifurahi kana kwamba ameletewa chati mpya kutoka wizarani.

Jumamosi Makongoro alidandia lori hadi Buswahili, akawaeleza wenzake wa rika yote, ng'ombe na misuli na mabaki. Walicheka mpaka mbavu zikauma, kisha mmoja mmoja wakasogea kuyatazama masikio yake.

"Kwa hiyo haikuwa woga," alisema Matiko.

"Haikuwa."

Matiko aliinamisha kichwa. "Mimi siku ile nilifumba macho, Makongoro. Yote mawili. Watu walikuwa wanaangalia masikio yako tu, hakuna aliyeniona."

Makongoro alijaribu kukasirika, maana haki ya kukasirika alikuwa nayo, miaka thelathini yote. Hasira haikuja. Alimwonea Matiko huruma, kwa kubeba peke yake kitu kizito namna ile.