Silinda ya Tatu, Njia ya Olumbi

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha Mocímboa na kunirudisha Palma nikiwa mzima, maana nilipokuwa ndani ya safari hiyo sikuielewa, na hata leo ninayoielewa ni nusu.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipopatikana chini ya bahari yetu. Marehemu kaka yangu aliacha binti mmoja, Zaina, anayeishi Mocímboa kwa mama yake. Kabla ya kufa, kaka alinishika mkono akasema, "Umwoze wewe mwenyewe, usimtume mtu." Mchumba wa Zaina alikuwa mpishi katika meli ya watafuta gesi. Alipewa ruhusa ya siku mbili tu, na Ijumaa jioni alitakiwa arudi kazini. Ndoa ikapangwa Ijumaa hiyo baada ya sala. Nisipofika mimi, walii wake, hakuna ndoa, na ruhusa nyingine hakuna aliyejua ingekuja lini.

Alfajiri, Palma. Wa kunipeleka alikuwa Swalehe, mtoto wa dada yangu, mwenye pikapu kuukuu aliyoinunua kwa matumaini ya kuwakodishia wageni wa gesi. Hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ndefu, kwa hiyo dada yangu, Bi Fatuma, akaniomba mimi, mwalimu wa madrasa, kombe la kumkinga mwanawe na ajali na macho ya watu. Niliandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, nikaziosha kwa maji na marashi ya mawaridi, nikayatia katika bakuli. Swalehe akanywa vikombe viwili, akajipangusa uso, akaenda nyuma kufunga mizigo.

Likabaki karibu bakuli zima. Nanyi mnajua, kombe halimwagwi chini. Lina maneno ya Mungu ndani yake, na maneno hayo hayakanyagwi. Nikatazama huku na huku. Boneti lilikuwa wazi, kwa sababu Swalehe alikuwa ametoka kupima oili, na juu ya injini niliona mahali palipoinuka, pasipofika mguu wa mtu, penye matundu manne yaliyojipanga kama safu ya wanaosali. Nikapiga bismillahi, nikamimina taratibu. Nilifurahi moyoni kwamba hata gari limepata fungu lake.

Saa moja na nusu, njia ya kusini. Tulikuwa tumekwisha kuziacha nyumba za mwisho za Palma, gari likienda vizuri juu ya mchanga mwekundu, mara likaanza kukohoa. Likikohoa linatikisika, likitikisika linapoteza nguvu, na kila kilima kidogo kikawa mlima.

"Inamisi," akasema Swalehe.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Injini ina silinda nne, mjomba. Moja imelala, tatu zinaibeba."

"Basi iamshe."

"Ningejua ni ipi!"

Nilijua mtu mvivu anavyobebwa na wenzake, lakini chuma kulala sikuwahi kusikia. Nikaanza kusoma kimoyomoyo. Kadiri nilivyosoma, ndivyo gari lilivyozidi kukohoa, nami nikazidi kuchanganyikiwa.

Magari makubwa meupe ya wageni wa gesi yalitupita na kutuachia vumbi. Nilinyoosha mkono. Dereva mmoja akapunguza mwendo, akapaza sauti kwamba haruhusiwi kubeba watu, akaenda zake. Ndipo Swalehe akakumbuka petroli. Aliinunua jana yake kwa Mama Atija, jirani yetu mjane, ambaye huileta kwa madumu kutoka ng'ambo, kupitia mpakani Namoto.

"Ameniuzia maji yule mwanamke!"

"Usimsingizie mtu, Swalehe."

"Sasa ni nini, mjomba? Kombe nimekunywa, oili ipo, maji yapo. Kimebaki nini kama si petroli yake?"

Ikatokea pikipiki inayokwenda Palma, na Swalehe akamsimamisha aliyeiendesha. "Waambie watu wasinunue kwa Mama Atija! Mafuta yake maji matupu!" Yule akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Ningeweza kumzuia. Sikumzuia, na hilo nimelitubia.

Saa tatu na nusu, Olumbi. Tuliingia tukijikokota mpaka kwenye kibanda cha fundi mmoja, Paulino, Mmakonde kutoka uwanda wa juu, mwenye msalaba mdogo shingoni na mikono myeusi kwa grisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nina binti wa kumwoza Mocímboa baada ya sala."

"Leo hii?"

"Leo hii."

Akalitazama jua, akatutazama sisi, akaingia kazini.

Kwanza alichota petroli akaijaza chupa nyeupe, akaisimamisha juu ya jiwe. "Kama ina maji," akasema, "yatazama chini tuyaone." Tukaikodolea macho chupa ile kwa muda mrefu. Maji hayakuonekana. Swalehe akasema huenda maji ya Mama Atija yana ujanja wake. Paulino akacheka.

Kisha akawasha injini, akafunga kitambaa kikavu mkononi, akaanza kuchomoa nyaya za plagi, mmoja baada ya mwingine. Alipochomoa wa kwanza injini ilitetemeka ikataka kuzima. Akaurudisha. Wa pili, vivyo hivyo. Alipochomoa wa tatu, injini haikujali.

"Huyu ndiye," akasema. "Ukimwondoa mfanyakazi kazi ikaharibika, ujue alikuwa akifanya kazi. Ukimwondoa isibadilike kitu, ujue alikuwa amelala."

Hapo kwa mara ya kwanza nikaelewa jambo moja la siku ile. Furaha yangu haikudumu. Paulino alizima injini, akautazama mpira ulio mwishoni mwa waya ule, unaoziba tundu la plagi. Ulikuwa umechanika, tena umelowa.

"Mmeosha injini?"

"Tangu niinunue sijaiosha," akasema Swalehe.

"Mvua?"

"Mvua ya mwezi huu umeiona wapi?"

Fundi akasokota kitambaa kwenye waya mwembamba, akakitia ndani ya tundu. Kikatoka kimeroa, rangi ya manjano. Akakinusa, akakinusa tena, akamtazama Swalehe kama mtu asiyeiamini pua yake.

"Mawaridi," akasema.

"Mama Atija anachanganya petroli na marashi?" akauliza Swalehe.

Nikakaa juu ya tairi kuukuu.

"Mwacheni Mama Atija," nikasema. "Ni mimi."

Nikaeleza yote, bakuli lililobaki, mahali palipoinuka, na bismillahi yangu. Swalehe akasema kwa sauti ndogo, "Kwenye injini, mjomba?"

Paulino alicheka mpaka akashika boneti. "Mzee, mmelipamba gari kabla ya bibi harusi!"

Alipomaliza kucheka alitaka kukitupa kile kitambaa. Nikanyoosha mkono kumzuia. Kabla sijasema neno alikwisha kufahamu, akakitundika kwenye msumari, juu kabisa chini ya paa la makuti. "Hata kwetu maji ya baraka hayakanyagwi," akasema. Kisha akalikausha tundu, akaipangusa plagi, akauviringisha ule mpira uliochanika kwa kipande cha tyubu. Swalehe akawasha. Injini ikaunguruma kwa silinda zote nne, nami machozi yakanitoka.

Mchana, Mocímboa. Tulifika watu wakitoka msikitini. Sala ya Ijumaa ilikuwa imenipita. Nikasali adhuhuri ya msafiri, nikakaa mkekani na vumbi langu. Bwana harusi alikuwa akitazama saa yake kila mara. Nikaushika mkono wake, nikamwoza Zaina kwa ulimi wangu mwenyewe, kama kaka alivyotaka. Jioni kijana akarudi melini, ana mke.

Jumapili tukarudi. Olumbi tulimkuta Paulino, na kitambaa bado kiko msumarini.

Palma, kabla ya kufika nyumbani, nilimwambia Swalehe asimame kwa Mama Atija. Madumu yake yalikuwa yamejaa, mlangoni hapana mteja. Maneno ya pikipiki yalitutangulia. Swalehe akamwomba radhi akitazama vidole vya miguu yake. Mimi nikamweleza habari ya bakuli.

Alitusikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo, mwalimu, kombe lako ndilo lililoniharibia jina?"

"Kombe halina kosa, mama. Kosa ni la mkono wangu, na la mdomo wa huyu. Kesho nitasimama msikitini niwaambie watu."

"Utasimama. Na mimi utaniandikia kombe langu, la kurudisha wateja."

Nikasimama, na nikaandika. Safari ile ilinifundisha kuandika kombe la kadiri ya mnywaji, lisibaki, na kutomwachia mtu asiyekuwapo abebe lawama kwa sababu mimi sijaelewa. Mama Atija alilinywa mbele yangu, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kisha akaligeuza bakuli chini juu, akalitikisa mbele ya macho yangu.

"Tazama vizuri, mwalimu," akasema. "Hakuna la injini."