Mzungu wa Kioo na Kikohozi cha Bibi

Makaa yakimwagiwa maji, ile harufu ya majivu mabichi hunirudisha Bwiza, barazani kwa Bibi, nikiwa na miaka saba na kosa kubwa kuliko Ziwa Tanganyika.

Sebuleni tulikuwa na Mzungu. Usishtuke: alikuwa wa kioo, uso tu, mviringo kama kisahani cha chai, na masharubu ambamo shomoro wangeweza kutagia. Marehemu Babu, fundi wa kukata vioo vya madirisha kule Rohero, alipewa Mzungu huyo na tajiri wake, naye akampa Bibi siku ya kuposa. Hakuacha kitu kingine. Babu ndiye aliyemweleza Bibi jinsi mchanga unavyopikwa mpaka utiririke kama asali, kisha ukamiminwa kwenye kalibu iliyochimbwa sura, ukaganda na pua yake. Kila akitandika mswala, Bibi alimgeuza Mzungu atazame ukuta, maana malaika hawaingii penye sura ya mtu.

Mwaka huo Bibi alikohoa mpaka mabati yakatikisika. Jirani, Mama Zaituni, akaja kumjulia hali.

"Dada, na uyu mutu kwenye ukuta, malaika wataingilia wapi?"

"Mulango ya nyuma. Wamezoea."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Mlango wa nyuma ulikuwa umevimba kwa mvua, haufunguki hata kwa bega.

Bibi aliposinzia nikamlaza Mzungu kwenye mbabula, jiko letu la barazani, juu ya makaa, uso uyeyuke kibaki kioo kitupu. Hakuyeyuka hata sharubu. Nikaogopa, nikammwagia maji. Paa! Vipande vingine nadhani viko Kongo mpaka leo.

Bibi akatoka ameshika ukuta.

"We mutoto, umefanya nini?"

"Nimefungulia malaika, Bibi. Ili upone."

 Vipande vilipopoa akaokota kimoja, cha sikio, akakifunga kwenye pindo la kitenge.

"Basi. Mi naona nafuu tayari."

Na kweli, sikumsikia akikohoa tena. Nikatembea Bwiza nzima kama daktari mkuu wa Burundi.

Ukubwani, shule ya jioni, mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba kioo cha moto hupozwa polepole, kikishtuliwa hupasuka. Nikamwambia somo hilo nilishalifanya. Ukweli wa kikohozi ndio ulionichelewea. Shangazi, aliyelala chumba kimoja na Bibi, aliniambia majuzi tu kwamba Bibi alipona kwa sindano, miezi mingi baada ya Mzungu kupasuka. Ndipo nikakumbuka: kila nilipoingia, Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, nami nikadhani anacheka.